Mashine ya MIG kwa kazi za nyumbani na za gari: anza na bati jembamba

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina kikarakana nyuma ya nyumba. Kuchomelea kwa fito nilijifunza miaka michache iliyopita, na engo au bomba za mraba naziunganisha bila shida. Sasa nina gari la zamani ambalo sakafu na vizingiti vya milango vimeliwa na kutu, na ekzosi nayo imepasuka. Fito inanitobolea bati kila nikijaribu, kwa hiyo nataka kununua MIG. Dukani nimeonyeshwa mashine ya ampea 130, ya 200 na ya 250. Nyingine zinatumia gesi, nyingine wanasema hazihitaji gesi kabisa. Muuzaji ananishauri nichukue kubwa kuliko zote ili nisijute baadaye. Umeme wangu ni wa kawaida wa nyumbani, fezi moja. Nichukue ipi?"

Ndugu yangu, kazi iliyokufanya utafute MIG, yaani mashine inayosukuma waya yenyewe badala ya fito, ni bati la gari, basi bati hilo ndilo likuchagulie mashine. Bati la bodi huwa na unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Sakafu na vizingiti huzidi kidogo. Unene huo hauna haja na ampea 250. Unataka ampea 30 mpaka 50, tena zilizotulia. Kwa hiyo ukirudi dukani, usianze kwa kuuliza mashine inapanda mpaka ampea ngapi. Uliza inashuka mpaka ngapi, na ikiwa huko chini moto wake unabaki shwari au unakohoa.

Hili nililijua kwa hasara. MIG yangu ya kwanza ilikuwa kubwa, ya transfoma, yenye swichi ya hatua chache, na niliinunua kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Hatua yake ya chini kabisa ilikuwa bado kali mno kwa bati. Nilikuwa naweka kiraka cha ukubwa wa kiganja kwenye sakafu ya gari. Kila tundu nililoziba lilizaa jingine pembeni yake, na mwisho nikalazimika kukata kipande mara tatu ya kile kilicholiwa na kutu. Mikono ilikuwa na uzoefu wa kutosha. Mashine ndiyo iliyokuwa haiwezi kunong'ona.

Kuna kanuni ya kukadiria ambayo mafundi wengi huitumia kwa chuma cha kawaida: ampea 40 hivi kwa kila milimita moja ya unene. Bati la milimita 0.8 litakudai ampea 32. Bomba la ekzosi la milimita 1.5 litadai 60. Engo ya milimita 3 itadai 120. Kanuni hii haiendelei milele, kwa sababu chuma kinene unakichonga kingo kwa grainda na kukijaza kwa mishono miwili au mitatu, lakini inatosha kukuonyesha jambo moja: mashine ya ampea 160 mpaka 200 inamaliza karibu kila kazi ya nyumbani. Ile ya 130 itafanya kazi za gari vizuri na kuchoka kwenye geti zito. Ile ya 250 itabaki na ampea nyingi ambazo umeme wa nyumba yako hauwezi kuzilisha, na hilo nitalieleza baadaye. Kati ya zile tatu ulizoonyeshwa, mimi ningeshika ya 200, ila kwa sharti kwamba inashuka mpaka ampea 30 au chini yake na inatumia gesi. Kama ya 200 haishuki na ya 130 inashuka, chukua ya 130.

Kwa kuwa umetoka kwenye fito, kuna tofauti moja itakayokuchanganya mwanzoni. Kwenye fito unapanga ampea, basi. Kwenye MIG unapanga vitu viwili: volti, na kasi ya waya. Kasi ya waya ndiyo ampea zenyewe, kwa maana waya ukisukumwa haraka mashine inatoa mkondo mkubwa zaidi ili kuuyeyusha. Volti zinaamua urefu wa moto na upana wa mshono. Volti zikipungua mno kwa kasi uliyoweka, waya unagonga chuma na kuisukuma nyuma tochi, kile kishikio kinachotoa waya. Zikizidi, waya unajikunja kuwa donge na kurudi kuganda kwenye ncha ya shaba ya tochi. Zikipatana, unasikia mlio mkavu wa kitu kinachokaangwa kwenye mafuta ya moto, usiokatika. Sikio lako litajifunza mlio huo kabla ya jicho kujifunza mshono. Siku hizi kuna mashine ambazo ukiingiza unene wa waya na aina ya gesi zinajipangia volti zenyewe kila unapogeuza kitufe cha kasi. Zinasaidia, hasa ukianza, lakini hakikisha unaweza kuziongeza au kuzipunguza volti kidogo kwa mkono wako. Mashine haijui kama bati lako limebaki na nusu ya unene baada ya kusuguliwa kutu.

Unene wa waya nao una kauli kubwa. Kwa bati la gari tumia waya wa milimita 0.6, kwa kuwa unayeyuka kwa mkondo mdogo na hautaki moto mwingi. Kwa engo, bomba na plati ndogo weka wa 0.8. Waya wa 1.0 mara nyingi hautauhitaji nyumbani. Hivyo kabla ya kulipa, fungua ubavu wa mashine uangalie gurudumu linalosukuma waya: mfereji wake umeandikwa unene gani? Mashine nyingi huja na gurudumu lenye mifereji miwili, 0.8 upande mmoja na 1.0 upande wa pili. Kama hakuna gurudumu la 0.6 linalopatikana kwa mashine hiyo, kwa kazi za bodi umenunua nusu. Kwenye lebo ya waya tafuta alama ER70S-6. Ndio waya wa kawaida kwa chuma laini, na una silikoni na manganizi ya kutosha kuvumilia kutu kidogo na uchafu uliobaki, jambo ambalo kwenye gari la zamani huliepuki hata usugue vipi.

Sasa tuje kwenye gesi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Jina MIG lina maana ya gesi isiyoshiriki katika moto, kama argoni. Tukichomelea chuma kwa kabonidayoksaidi au mchanganyiko wake, jina sahihi ni MAG, kwa kuwa gesi hiyo inashiriki. Mashine ni ileile, na kila mtu anaiita MIG, nami sina ugomvi nao. Mashine "isiyohitaji gesi" inatumia waya wenye tundu katikati uliojazwa unga wa fluksi, na unga huo ukiungua unatoa moshi unaoulinda mshono, kama ganda la fito yako linavyofanya. Si udanganyifu, kwa kazi ya nje penye upepo ni njia nzuri kuliko gesi, maana upepo mdogo tu hupeperusha gesi na kuuacha mshono na vitundu kama sifongo. Kwa geti, uzio au trela, waya wa fluksi ni rafiki.

Lakini si kwa bati la gari. Waya huo unaingia ndani sana, unarusha matone ya moto kila upande, unaacha ganda la kugongwa, na ukishuka chini ya milimita 1.2 hivi za unene kila sentimita ni kubahatisha. Wewe tayari unatoboa bati kwa fito. Ukinunua mashine isiyo na njia ya gesi utakuwa umenunua shida ileile yenye umbo jipya. Tena mashine hizo za bei ya chini kabisa, nyingine hutoa mkondo geu (AC) badala ya mkondo mnyoofu (DC), na moto wake hautulii hata ufanye nini. Soma kibao cha nyuma kabla hujatoa pesa mfukoni.

Unachotaka ni mashine yenye njia ya gesi ambayo pia inaruhusu waya wa fluksi. Alama yake ni kwamba unaweza kubadilisha ncha za umeme, ama kwa kuhamisha kebo fupi mbele ya mashine au kwa boliti mbili ndani ya ubavu. Waya mtupu pamoja na gesi huhitaji tochi iwe upande wa chanya. Waya wa fluksi wa kujilinda huhitaji tochi iwe hasi. Nimeona watu wakiulaani waya wa fluksi kwa mwezi mzima, wakitupa mshono baada ya mshono, kumbe hawakugeuza zile kebo.

Kwa gesi yenyewe una njia mbili. Kabonidayoksaidi tupu ni rahisi kuipata, huingia ndani vizuri kwenye chuma kinene, ila hurusha matone mengi na moto wake ni mkorofi kwenye bati. Mchanganyiko wa argoni na kabonidayoksaidi, ambapo kabonidayoksaidi ni asilimia 15 mpaka 25, huleta moto mtulivu na mshono laini unaohitaji kusagwa kidogo tu. Kwa sakafu na vizingiti vyako, ukiupata mchanganyiko, utumie huo. Fungua mtiririko wa lita 10 mpaka 12 kwa dakika ukiwa ndani ya karakana. Kuzidisha hakusaidii; gesi ikitoka kwa kasi mno inavuruga hewa na kuivuta ndani ya mshono. Regyuleta ya kabonidayoksaidi na ya argoni kwa kawaida si moja, kwa hiyo nunua inayolingana na mtungi wako, na viungo vyote vipake maji ya sabuni siku ya kwanza. Mtungi unaovuja polepole usiku kucha ni hasara usiyoiona. Tena ufungwe kwa mnyororo ukutani au kwenye kitoroli, ukiwa wima. Mtungi ukianguka na kukatika shingo unaruka kama kombora.

Umeme. Hesabu ni hii: mashine ikitoa ampea 100 huwa kwenye volti 19 hivi, yaani wati 1,900. Ukiongeza upotevu wa inveta ya kawaida, yaani mashine ya kielektroniki isiyo ya transfoma kubwa, kwenye umeme wa volti 230 itavuta karibu ampea 15 kutoka ukutani. Ikitoa 200 kwenye volti 24, itavuta zaidi ya 30, na soketi yako ya kawaida ya ampea 13 au 16 haitakubali. Ndiyo maana nilisema ile ya 250 haitakufaa: utaulipia uwezo ambao fyuzi itaukata. Anayeishi kwenye nchi yenye umeme wa volti 120 azizidishe namba hizo za ukutani karibu mara mbili. Habari njema ni kwamba kwenye ampea 40 za bati, mashine inavuta kama ampea 5 tu. Kazi ya gari utaifanya kwenye soketi yoyote. Kwa engo nene, mwite fundi umeme akuwekee laini yake yenye waya wa milimita za mraba 4 au 6 na swichi yake mwenyewe.

Usiiwashe kwa kebo ya kurefushia iliyo nyembamba na ndefu, na zaidi usiiache imezungushwa kwenye gurudumu lake wakati wa kazi. Volti zinaanguka njiani, moto unakuwa dhaifu, nawe unaanza kuisingizia mashine, huku kebo iliyokunjwa inapata joto mpaka ganda lake linayeyuka. Kama umeme wako hupanda na kushuka, uliza kama mashine ina sakiti ya kurekebisha uvutaji wa umeme. Mashine zenye kitu hicho huvumilia volti zinazoyumba na huvuta ampea chache zaidi kwa kazi ileile. Kwa jenereta, nisingeenda chini ya kVA 5.

Kwenye kibao cha nyuma utaona pia asilimia karibu na ampea, kwa mfano 60% kwenye 120. Maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 unaweza kuchomelea kwa ampea 120 kwa dakika 6, kisha mashine ipumzike 4. Kiwango cha kimataifa hupima hivyo kwenye hewa yenye joto la nyuzi 40. Mtengenezaji akipima kwenye nyuzi 20 au 25 anapata asilimia nzuri zaidi bila mashine kuwa bora, kwa hiyo angalia joto lililoandikwa kabla ya kulinganisha mbili. Kwa kazi za bati hili halitakusumbua kabisa, kwani utakuwa unagusa sekunde moja na kusubiri.

Linalosumbua, na ambalo halimo kwenye tangazo lolote, ni usukumaji wa waya. Nikiambiwa niikague mashine ya MIG kwa dakika mbili tu, nitazitumia zote hapo. Fremu inayobeba magurudumu iwe ya chuma au aluminiamu. Ya plastiki hupinda ikipata joto, shinikizo linabadilika na waya unaanza kwenda kwa kushtuka. Waya ukishtuka, moto unashtuka, na kwenye bati la milimita 0.8 mshtuko mmoja ni tundu. Tazama kama tochi inachomolewa kwa kiungo cha kawaida cha Ulaya, kile cha kuzungusha chenye pini katikati. Tochi ni kitu kinachokufa kabla ya mashine. Ikiwa imefungwa moja kwa moja ndani, siku ikifa utatafuta ya mtengenezaji yuleyule. Ikiwa na kiungo cha kawaida, utafunga yoyote. Na sanduku liwe na nafasi ya koili ya kilo 5. Koili ndogo za kilo 1 zinaisha katikati ya kazi, na kwa uzito uleule zinakugharimu zaidi.

Kuhusu inveta au transfoma sitakuchosha: chukua inveta. Ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mpaka ilipo gari, na inapangwa kwa udogo unaoutaka. Transfoma ni ngumu kufa na rahisi kutengeneza, lakini hatua zake ni pana mno kwa bati. Nyingi za inveta hizo zina pia njia ya fito, na hiyo itakufaa kwa chuma kinene chenye kutu nje ya karakana, kazi unayoijua tayari. Nyingine zinajitangaza kuwa na TIG, njia ya kuchomelea kwa sindano ya tungsteni isiyoyeyuka. Fahamu kuwa TIG ya mkondo mnyoofu haichomelei aluminiamu ipasavyo, hivyo kama ndoto yako ni aluminiamu usiinunue kwa sababu hiyo.

Kofia ya kuchomelea inayojitia giza yenyewe ni sehemu ya mashine. Isihesabiwe kama nyongeza ya baadaye. Kwa ampea zako kiwango cha giza 10 au 11 kinafaa. Macho yakiunguzwa na mwali, maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mtu aliyejazwa mchanga machoni.

Na kwa kuwa ni gari, kuna mambo nisiyoweza kukuacha bila kuyasema. Chomoa betri, kuanzia upande hasi, kabla ya kugusa tochi. Klempu ya athi iume kwenye kipande kilekile unachochomelea, karibu kabisa, pakiwa peupe bila rangi. Ukiifunga mbali, mkondo utatafuta njia kupitia beringi au waya za kompyuta ya gari. Angalia upande wa pili wa sakafu: bomba la mafuta, bomba la breki, zulia, povu la siti. Mtu mmoja asimame ndani na kizimamoto wakati wewe uko chini, na mbaki kukagua nusu saa baada ya kumaliza, maana povu huungua kimya kimya. Tangi la mafuta usiliguse, hata lililokauka miaka. Bati lililopakwa zinki lisugue mpaka zinki iondoke pembeni mwa mshono, ufanye kazi penye hewa. Moshi wake huleta homa na kutetemeka. Na dawa ya kusafishia breki yenye klorini usiipulize kamwe kwenye chuma utakachochomelea. Joto na mwali vikiigusa inageuka kuwa fosijeni, gesi inayoharibu mapafu. Safisha kwa asetoni na uiache ikauke kabisa.

Chuma cha gari la zamani kwa kawaida ni laini na kinakubali kila nilichokueleza. Ukija kufanyia kazi gari jipya, nguzo za kati na baadhi ya fremu huwa za chuma cha boroni chenye nguvu kubwa, ambacho joto la mshono hukilegeza. Huko usichomelee bila maelekezo ya mtengenezaji wa gari, kwa sababu nguzo hiyo ndiyo inayobaki kati ya abiria na gari lililomgonga ubavuni.

Siku ya kununua, nenda na vipande vyako. Vipande vinne vya bati la milimita 0.8 vilivyokatwa kutoka mlango chakavu na kusuguliwa rangi, na viwili vya engo ya milimita 3. Mwombe muuzaji aiwashe ikiwa na waya wa 0.6 na gesi. Duka lisilokubali kuiwasha, tafuta jingine. Weka vipande viwili vya bati ukingo kwa ukingo, uache mwanya wa unene wa bati lenyewe, ubane, kisha piga nukta moja moja: bonyeza sekunde moja, achia mpaka wekundu upotee, ruka sentimita tatu, piga nyingine, halafu urudi kujaza katikati. Mashine nzuri itaanza kila nukta palepale ulipobonyeza, bila waya kuruka wala kulipuka. Rudia mara ishirini, maana ya kwanza na ya pili hazikuambii kitu. Kisha piga mshono mmoja mrefu kwenye engo. Vikipoa, geuza vyote viwili uangalie mgongo. Kwenye bati unataka kuona mstari mdogo uliovimba kidogo upande wa pili, bila tundu na bila matone yanayoning'inia. Kwenye engo unataka alama ya joto iliyonyooka, na ukiigonga kwa nyundo kubwa chuma kipinde kabla ya mshono kuachia.